Kitambaa Kilichokatwa Kichwa Chini

Hamtaamini. Nasema mapema ili mtu asije akanirukia katikati: kuna siku Fundi alisimama mbele ya soko zima, mbele ya mgeni rasmi na viti vya kukodi, akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyekata kitambaa. Fundi! Mtu ambaye mke wake humnyang'anya mkasi hata akitaka kukata uzi wa kishikizo! Soko lilinyamaza kama limemwagiwa maji. Halafu likacheka. Na ndani ya kile kicheko kulikuwa na jambo zito ambalo mgeni rasmi hakulijua mpaka amepanda gari lake akaondoka.

Ngojeni nianze mwanzo.

Ukiingia sokoni kwa lango kubwa, chumba cha kwanza mkono wa kulia ndicho chao. Ndicho chenye dirisha. Vyumba vingine vyote mle ndani vinaishi kwa taa, na taa yenyewe inakuja ikijisikia, lakini chumba hiki kinapata jua tangu asubuhi. Linaingia, linajilaza juu ya meza ya kukatia kama paka wa nyumbani. Meza ni ndefu, ya mbao nzito, imevalishwa blanketi kuukuu lililobanwa kwa misumari ili kitambaa kisiteleze. Cherehani iko mlangoni. Nyuma kuna pazia la maua, maua makubwa mekundu na ya manjano yasiyofanana na ua lolote lililowahi kuota duniani, na nyuma ya pazia kuna kigodoro ambapo Fundi hujilaza akishiba.

Fundi anashona. Anayekata ni mkewe, Mama Chaki. Jina hilo halikutafutwa mbali: ana chaki kwenye vidole, chaki kwenye nyusi, chaki puani. Hata akivaa nguo ya kwendea harusini, lazima shoga yake mmoja amkung'ute mgongoni kabla ya kuingia ukumbini.

Watu wengi hudhani kazi ni kushona. Si kweli, bwana. Mshono mbaya unafumuliwa, unarudiwa, maisha yanaendelea. Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa. Ndiyo maana Mama Chaki hakimbilii mkasi. Kwanza anakinyunyizia kitambaa maji na kukipiga pasi, kama ni cha kusinyaa na kurudi ndani, kirudi sasa hivi, kisirudi kikiwa mwilini mwa mtu. Kisha anakivuta pembe kwa pembe mpaka uzi unyooke. Anakikunja mara mbili, uso kwa uso, mgongo nje. Anapanga juu yake karatasi zake za kukatia, za mgongo, za kifua, za mkono, za mguu wa suruali, anazikandamiza kwa pasi za zamani zilizokufa. Kisha anaizunguka meza. Anazunguka tu! Anaangalia kwa jicho moja, anasogeza karatasi kidogo, anazunguka tena. Akianza kukata, taya la chini la mkasi halibanduki mezani. Krrrich, krrrich. Na ole wako umsemeshe.

"Mama, chai imepoa," Fundi atasema.

Kimya.

"Mama, nyumba inaungua."

Kimya.

"Mama, nimepata mke mwingine."

"Mwambie aje na mkasi wake," anajibu bila kuinua kichwa.

Sasa Fundi mwenyewe. Zamani, walipokuwa wachumba, alitaka kumwonyesha kwamba hata yeye anajua kukata. Akachukua vipande viwili vya kitambaa, akavilaza vyote viwili uso juu, akasahau kwamba mguu wa kulia na wa kushoto hutazamana. Akakata. Akashona usiku kucha kwa mapenzi. Asubuhi ikatoka suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Ukiivaa, goti moja linatazama mbele, lingine linatazama kwa jirani. Mama Chaki alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakubali kuolewa. Suruali ile hawakuitupa. Imetundikwa msumarini juu ya cherehani mpaka leo, na kila mgeni wa soko huonyeshwa.

Basi. Asubuhi moja, kabla ya siku ile ya mgeni, Bwana Stoo alikuja na jora la kitambaa begani. Bwana Stoo ndiye anayetunza vitu vya ofisi ya soko: mafagio, kufuli, rangi, na sasa kitambaa. Kulikuwa na mgeni rasmi anakuja, na Meneja wa soko alitaka askari wa langoni wawe na suti mpya, koti na suruali. Mafundi waliambiwa hiyo kazi haina malipo, ni mchango. Na Meneja alikuwa ametangaza kwamba baada ya ziara vyumba vyenye madirisha vitagawiwa upya. "Watakaolisaidia soko watakumbukwa," alisema. Lugha hiyo kila mtu aliielewa. Mama Chaki na Fundi wakaichukua kazi.

Tena walikuwa na sababu nyingine. Miongoni mwa askari wale alikuwemo Mrefu, mtoto wa dada yake Mama Chaki, kijana waliyemlea wenyewe. Alikuwa ametafuta kazi mpaka viatu vikaisha soli, na sasa ameipata, ya majaribio. Nyumbani alikuwa anajifunza kusimama wima mbele ya kabati.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo palipoharibikia. Kwa wakataji kuna desturi moja isiyovunjwa: kitambaa cha mtu hukunjuliwa mezani, mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo. Anaona kilivyo, unaona kilivyo, mnapima pamoja, ndipo anaondoka. Si ubishi wala si dharau. Ndivyo kazi inavyokwenda.

Lakini Mama Chaki alikuwa ametoka na ndoo kwenda bombani. Fundi alikuwa peke yake. Na Fundi, Mungu amsaidie, akimwona mtu wa ofisi anageuka mwenye harusi.

"Karibu, Bwana Stoo! Karibu kiti! Hapana, hicho kinayumba, kaa hiki. Chai?"

"Nina haraka, Fundi."

"Haraka gani na chai iko moto? Kunywa, ndugu yangu."

Bwana Stoo alikunywa. Aliuliza habari za watoto wakati hawana watoto, aliisifia cherehani, akaweka jora mezani likiwa limefungwa kamba vile vile. Watu waliokuwa wanapita wakamsikia akisema kwa sauti, "Haya, kitambaa kamili nimekukabidhi, eeh?" Na Fundi akajibu kwa sauti kubwa zaidi, "Kamili, mkubwa! Kamili!"

Mama Chaki aliporudi na ndoo alimkuta mumewe anasuuza kikombe huku anapiga mluzi.

"Ameshakuja?"

"Ameshakuja, ameshaondoka. Mtu mzuri sana yule, watu wanamsema bure."

"Mmekunjua?"

Mluzi ukakatika. "Tumekunjua nini?"

"Baba. Kitambaa. Mmekikunjua mbele yake?"

"Alikuwa na haraka..."

"Alikuwa na haraka, akanywa chai?"

Fundi akakitazama kile kikombe kama kimemsaliti.

Walikunjua wao wawili. Kitambaa kilikuwa kizuri, sitaki kudanganya. Buluu ya kuelekea weusi, kizito, uso wake umesuguliwa mpaka umetoa vinyweleo laini kama shavu la mtoto. Mama Chaki akapitisha kiganja kuelekea chini, kikang'aa. Akapitisha kuelekea juu, kikawa cheusi.

"Aisee," akasema taratibu. "Kina kichwa hiki."

Nieleze. Kitambaa cha namna hii kina kichwa na miguu. Vinyweleo vyake vinalala upande mmoja. Ukikata kipande kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini, juani kimoja kitakuwa cheupe na kingine cheusi, ingawa vimetoka jora moja. Kwa hiyo lazima vipande vyote vielekee upande mmoja, na kukata hivyo kunakula kitambaa, kwa sababu kiuno cha suruali ni kipana na kifundo ni chembamba, na huwezi kuzigeuza zikaingiana kama watu wanaolala mzungu wa nne. Meneja alikichagua kwa sababu dukani kilionekana cha gharama. Hakuuliza kichwa kiko wapi.

Mama Chaki akapanga karatasi. Akazunguka meza. Akasogeza. Akazunguka. Suti moja ikakaa, nyingine ikakaa, nyingine. Alipofika kwa Mrefu, suruali ilikuwa inaning'inia nje ya meza. Kitambaa kimekwisha na karatasi inapepea hewani. Koti ndiyo kabisa, halikuwa na pa kuwekwa.

"Labda umepanga vibaya," Fundi akasema.

Akaangaliwa.

"Nimesema labda."

Wakaenda ofisini. Bwana Stoo alikuwa peke yake, Meneja ametoka, na pale ofisini, jamani, kulikuwa na kochi. Lile lile kochi la zamani lililokuwa limechanika spongi nje. Sasa limevalishwa upya, kwa ajili ya mgeni rasmi. Buluu ya kuelekea weusi. Laini kama shavu la mtoto.

Mama Chaki alilisogelea. Aliweka kiganja kwenye mkono wa kochi, akakishusha, kitambaa kikang'aa. Akakipandisha, kikawa cheusi. Fundi alikuwa anamtazama yeye, na Bwana Stoo alikuwa anawatazama wote wawili.

"Kitambaa kimepungua," akasema Mama Chaki.

"Kimepunguaje, na mumeo kapokea kamili, watu wanasikia? Mama, kitambaa kimekwenda wapi tangu asubuhi?"

"Bwana Stoo, mimi na wewe tunaona."

"Mimi sioni kitu. Wewe unaona nini?" Alikuwa anatabasamu, lakini mguu wake ulikuwa unatikisika chini ya meza. Maana kochi halikuwa lake, ni la Meneja, na Meneja ndiye aliyesema livalishwe. Yeye alibeba tu. Akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Kitambaa ndicho hicho. Kikipungua, punguza askari. Yule wa mwisho, yule mrefu, ndiye anayekula kitambaa, si ndiyo? Yuko kwenye majaribio. Tutamtafuta mfupi."

Wakarudi zao. Mama Chaki ndiye aliyeanza, karibu na wauza vitunguu, na mnajua alisema nini?

"Umeona mto wa katikati?"

"Mto gani?"

"Wa kochi. Wameukata kichwa chini. Wezi hata kuiba hawajui kupanga."

Fundi alitaka kucheka, akaogopa, akacheka. Na mkewe akacheka. Wakasimama pale kati ya vitunguu wanacheka mpaka macho yakatoka machozi, halafu machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha.

Mrefu alikuwa anawangoja chumbani. Alikuwa amenyoa.

"Mama mdogo, nimekuja kupimwa."

"Nilishakupima tangu unatambaa. Kaa."

Walimwambia. Hawakumficha, hakuwa mtoto tena. Akasikiliza akiwa ameinama, maana kiti ni kifupi na magoti yake yalikuwa yanakaribia masikio.

"Basi niacheni mimi," akasema. "Wengine wana watoto. Mimi nitapata kwingine."

"Kwingine wapi?" Fundi akauliza. "Umepazunguka kote mpaka nimekushonea viraka juu ya viraka."

"Baba mdogo, sitaki mpoteze chumba kwa sababu ya miguu yangu."

Mama Chaki alikuwa amesimama mezani, mgongo kwao. Alikuwa anazikunja karatasi zake, anazipanga upya, anazikunja tena. Kisha akachukua karatasi ya suruali ya Mrefu, akaizungusha yote, kiuno kikaja kilipokuwa kifundo. Akaisukuma taratibu kando ya suruali nyingine. Zikaingiana. Kiuno cha hii kikalalia kifundo cha ile, kama zimezaliwa pamoja.

Fundi akasimama. "Mama, kichwa chini?"

"Kichwa chini."

"Si wewe uliyesema..."

"Najua nilichosema." Alikuwa anazigeuza nyingine sasa, moja juu, moja chini. "Sitachanganya kwenye mwili wa mtu mmoja. Mtu awe wa juu mzima au wa chini mzima. Sitaki askari mwenye mguu wa asubuhi na mguu wa jioni. Lakini wakisimama pamoja, juani, wataonekana."

"Watu watasema hujui kukata."

Hapo mkono wake ulisimama. Kila mtu ana kitu chake kimoja. Wengine wana nyumba, wengine wana vyeti ukutani. Yeye alikuwa na hilo tu, kwamba tangu ashike mkasi hakuna kitambaa kilichowahi kulia mikononi mwake.

"Waseme," akasema. Na akaanza kukata. Krrrich.

Hata hivyo kilikosekana kidogo: mifuko ya ndani, upande wa ndani wa viuno, chini ya kola. Vitu visivyoonekana, lakini suruali ya askari bila mfuko si suruali. Mama Chaki akatazama huku na huku. Macho yakatua kwenye pazia.

"Usithubutu," Fundi akasema.

"Ni kizito, ni kikavu, kimeshafuliwa sana, hakitarudi ndani."

"Mama, nitalala wapi mchana? Watu watanichungulia!"

"Watakuona umelala. Si habari mpya."

Pazia likashuka. Ndivyo ilivyokuwa kwamba askari wa soko letu, kwa nje ni watu wa kutisha, ila mfukoni kila mmoja amebeba maua mekundu na ya manjano.

Fundi alishona mpaka shingo ikakataa kugeuka. Sijawahi kuona mtu anashona kwa adabu namna ile. Kila alipomaliza suti aliipiga brashi, akaitundika, akamwambia mkewe, "Ile chai, mama..." na yeye anamjibu, "Shona."

Siku ya mgeni jua lilitoka kana kwamba nalo limealikwa. Ndani ya jengo, kwenye mwanga hafifu, suti zilikuwa za ajabu kwa uzuri, Mrefu akapita kati ya vibanda na wauza vishikizo wakampigia vigelegele. Kisha wakatoka uwanjani wakajipanga. Na jua likawapiga.

Jamani! Mmoja mweusi, mmoja anang'aa. Mweusi, anang'aa. Mweusi, anang'aa. Kama mtu amepanga dhumna.

Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, akauliza bila ubaya, "Kwani ni vikosi viwili hivi?"

Meneja akageuka rangi. Akamtafuta Mama Chaki kwa macho, akamkuta mstari wa mbele wa mafundi, chaki kwenye nyusi.

"Mama! Njoo hapa. Hii nini? Umechanganya kitambaa? Kile cha ofisi umekipeleka wapi?"

Sasa hebu muone palivyokuwa pale. Kushoto, askari wamesimama, Mrefu wa mwisho. Kulia, soko zima. Na nyuma ya Meneja mlango wa ofisi uko wazi kwa heshima ya mgeni, na ndani, peupe kabisa, kochi. Buluu. Hakuna mtu sokoni ambaye alikuwa hajaliona kochi lile. Lilipita katikati yetu likiwa limebebwa kichwani! Bwana Stoo alikuwa anatazama viatu vyake.

Neno moja tu. Angenyoosha kidole.

Mama Chaki akafungua mdomo. Nilikuwa karibu, niliona midomo inaanza. Akamtazama Mrefu. Akaufunga. Akaufungua tena, na nikajua kabisa anachotaka kusema: nimekosea, mkubwa. Yeye! Aseme hivyo mbele ya mafundi wote!

Aliwahiwa.

"Ni mimi!" Fundi akapiga kelele. Alikuwa ametoka mstarini, anatembea na ile shingo yake iliyokataa, mwili mzima unageuka kama mlango. "Mkubwa, ni mimi niliyekata. Mke wangu alikuwa bombani. Nikasema nimsaidie. Nikalaza karatasi nyingine kichwa chini. Yeye alikuta nimeshamaliza."

Ndipo soko likanyamaza. Hata watoto.

"Wewe si mshonaji tu?" Meneja akasema. "Unakataje?"

Na hapo, sijui ni nani alianza, nadhani ni mama muuza vishikizo, akapayuka kutoka nyuma: "Mkubwa, huyo! Huyo huyo! Ana suruali ya miguu miwili ya kushoto mle ndani!"

"Kweli kabisa!" mwingine akadakia. "Akishika mkasi hata mbuzi wanakimbia!"

"Mwenzie alikubali kuolewa kwa huruma tu!"

Mtu akachomoka mbio chumbani, akarudi na ile suruali juu juu kama bendera. Fundi akaipokea, akajipimia mbele ya mgeni, goti moja huku, goti moja kule, akainama kwa heshima. Mgeni rasmi alicheka mpaka akashika kiti. Soko lote lilicheka. Na kila mtu wa soko aliyekuwa anacheka alijua kwamba ni uongo, alijua kitambaa kiko wapi, alijua kwa nini anacheka. Tulikuwa tunamfunika Mama Chaki kwa kicheko kama unavyomfunika mtu kwa shuka.

Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe, na ile chaki puani imelowa.

Mgeni aliingia ofisini, akakaa kwenye kochi. Akalipapasa. Akalisifu.

Alipoondoka, Meneja alirudi. Hakuwa anacheka.

"Kazi ya namna hii haiwezi kukaa langoni," akasema. "Mtahamia nyuma, pale chini ya ngazi. Leo hii." Akageukia askari, akachagua kwa kidole, bila kujua anachagua nani, au labda anajua. "Wewe mrefu. Anza na meza ile."

Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza ya Mrefu kazini. Akiwa na suti mpya, chuma cha kishikizo kinang'aa kifuani, aende akaitoe meza ya mama yake mdogo dirishani.

Alisimama. Meneja anangoja. Sote tunangoja. Mikono yake ikaingia mifukoni, nadhani hata hakujua, na ilipotoka ilivuta ukingo wa mfuko nje kidogo. Ua moja jekundu likachungulia pajani.

"Mama mdogo," akasema kwa sauti ya chini. "Niseme nini?"

Mama Chaki akamsogelea. Akalirudisha lile ua ndani kwa vidole viwili, akamnyoosha kola, akamkung'uta chaki begani, chaki yake mwenyewe.

"Inua kwa miguu, usipinde mgongo," akamwambia. "Utapasua mshono wa baba yako mdogo."

Mrefu akashika upande mmoja, Fundi upande mwingine. Meza ilitoka mlangoni kiubavu, blanketi likakwama kwenye kitasa, likachanika kidogo. Walipita nayo kati yetu, nasi tukawapisha.

Mpaka leo wako chini ya ngazi. Taa ikizimika, Mama Chaki anakata kwa kupapasa, anatafuta kichwa cha kitambaa kwa kiganja. Kile chumba chenye dirisha kafunguliwa shemeji yake Meneja, anauza simu. Mrefu yuko langoni, majaribio yamekwisha, ameajiriwa, na kila jioni akitoka zamu huja kuwashikia tochi.

Niliwasikia juzi nikiwa nimepeleka shati langu.

"Ungenyamaza," Mama Chaki alikuwa anasema.

"Ningenyamaza, wangekucheka wewe."

"Sasa wanakucheka wewe."

"Mimi walishanicheka zamani. Nimezoea. Leta mkono wa shati."

"Chai ipo kwenye chupa," Mama Chaki akasema. "Kunywa wewe kwanza."

Na ile suruali? Ipo, imetundikwa kwenye msumari mpya, chini ya ngazi.

Sasa mniambie, maana hapa sokoni tumegombana mpaka tumechoka. Wengine wanasema angelionyesha lile kochi, liwalo na liwe. Wengine wanasema kijana angekataa kubeba. Wengine wanatusema sisi, soko zima, tuliojua tukacheka. Wewe ungekuwa pale, jua linakupiga, mlango wa ofisi uko wazi na neno liko mdomoni, ungefanyaje?